Treni ya Sebuleni

Kosa lilikuwa la Sabah mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa amekaa na mama yake wanakunywa kahawa, akamweleza kwamba amepata ruhusa wizarani, na kwamba mwezi wa nne anakwenda Japani kuzunguka miji yake kwa treni, kutoka Tokyo mpaka Nagasaki. Kisha, kwa mazoea tu ya ulimi, akaongeza: "Twende zetu, mama."

Aliyelelewa katika nyumba kama ile anajua neno hilo linavyokwenda. Ukiwa unakula, unamkaribisha aliyekaa. Ukiwa unatoka, unamwambia mwenzio twende. Naye hukataa. Husema ahsante, nenda salama, tuletee zawadi. Ukimrejelea hukataa tena, na ukizidi kumshika ndipo anapojua kwamba umemtaka kwa dhati. Ndivyo watu wenye adabu wanavyoishi Maskati bila ya kugombana. Lakini Bi Zakiya, mtu mzima wa miaka sabini na ushei, ambaye hajawahi kupokea hata kikombe cha maji kabla ya kubembelezwa, aliweka finjani yake chini akasema, "Haya."

"Haya nini, mama?"

"Haya twende. Si umesema twende?"

Sabah alitabasamu, maana angefanya nini.

Kufika wiki ya pili, habari zilikuwa zimeshatembea. Bi Hajar, dada wa marehemu baba yake Sabah, alikuja mbio kutoka nyumbani kwake Ruwi akatangaza kwamba wifi yake hawezi kupelekwa mwisho wa dunia bila ya mtu mzima mwenziwe wa kumkanda magoti, na kwamba yeye yuko tayari kujitolea. Yazid, kaka yake Sabah, naye akasema wanawake watatu hawatembei ugenini hivihivi, kwa hiyo na yeye anakuja. Tena akauliza matreni ya nini. Yazid alizaliwa Oman, na katika maisha yake yote hajawahi kwenda popote ambapo gari lake halikufika.

"Tukodi gari la watu saba," alisema. "Mimi nnaendesha. Mtaona nchi vizuri, tunasimama tunapotaka."

"Kule wanaendesha upande wa kushoto, Yazid."

"Siku moja tu nshazoea."

Bi Hajar aliliunga mkono gari, kwa sababu gari lina buti, na buti lingechukua sufuria ya umeme ya kupikia wali, papa mkavu, achari ya ndimu na makopo ya halua ya kuwagawia Wajapani. Hivyo safari ya mtu mmoja na begi moja la mgongoni ikageuka kuwa hama hama ya ukoo.

Na nani angemwelewa Sabah kama angesema alichokuwa anakitaka? Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Ofisini kwake Al Khuwair alikuwa mtu wa kuulizwa kila kitu, na nyumbani ndiye aliyejua funguo ziko wapi, dawa za presha zimebaki ngapi, na nani kagombana na nani asipelekewe mwaliko. Usiku alikuwa akitazama picha za mabehewa ya Japani: abiria wamejaa tele, kila mmoja anatazama lake, hakuna anayepiga simu, hakuna anayemuuliza jirani yake mbona mpaka leo hajaolewa. Kila stesheni kubwa inauza sanduku la chakula chake yenyewe, unanunua, unakaa dirishani, unakula kimyakimya huku milima inapita. Alitaka kufika Kanazawa asubuhi moja akiwa hajasema na mtu yeyote tangu alipoamka. Basi, hilo tu. Kwa hilo alikuwa tayari kuuza dhahabu zake.

Alishinda vita vya gari kwa kukataa katakata, akawalazimisha wote wakubali treni. Lakini siku walipokwenda kwa wakala wa safari, kwenye jengo moja la Ruwi, ndipo alipoona balaa linalomngoja. Lifti ilifunguka. Bi Zakiya akarudi nyuma hatua moja akamwambia wifi yake, "Tangulia." Bi Hajar akasema, "Aka, wewe kwanza." Bi Zakiya akasema mwenziwe ndiye mkubwa kwa umri. Bi Hajar akasema mwenziwe ni mke wa kaka mkubwa, tena yuko upande wa kulia, na aliye kuliani ana haki yake. Lifti ikafunga mlango ikaenda zake tupu. Ikarudi, ikafunguka, wakaanza upya palepale walipoachia. Sabah alipanda kwa ngazi, na kila ngazi alikuwa akisema astaghfirullah.

Ndiyo maana Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, samani za sebuleni kwa Bi Zakiya zilisukumwa pembeni. Sabah alipanga viti vya chakula viwiliviwili, kimoja dirishani na kimoja ujiani. Mlango wa sebule ukawa mlango wa behewa. Yazid aliwekwa hapo, mkono kwenye kitasa, simu yake ikihesabu.

"Nisikilizeni," Sabah alisema. "Treni ikifika stesheni ya njiani inasimama kidogo tu. Mlango unafunguka, watu wanashuka, watu wanapanda, mlango unafungwa. Haingoji mtu. Huko hata wewe uwe waziri, haikungoji. Tunafanya mazoezi mpaka muweze. Shangazi, umefahamu?"

"Nimefahamu, mwanangu. Lakini haraka haraka haina baraka."

"Huko baraka zote ziko kwenye haraka. Yazid, fungua!"

Yazid alifungua. Wifi wawili walikuwa wamesimama ukumbini, kila mmoja na mkoba wake. Bi Hajar akainama, akavua ndara, akazipanga vizuri ukutani.

"Shangazi! Kwenye treni hawavui viatu!"

"Si wewe uliyenambia Wajapani wanavua?"

"Majumbani! Kwenye nyumba!"

"Na hii nini? Hii si nyumba?"

Yazid akafunga mlango. Alikuwa anacheka hadi mabega yanamtikisika, na Sabah alimtazama kwa jicho ambalo lingekausha mti. Wakaanza tena. Safari hii Bi Hajar aliingia na ndara zake, lakini alipovuka kizingiti tu akasimama palepale, akavitolea salamu viti vitupu, kwa sababu mtu haingii mahali penye watu akapita kama mbuzi. Bi Zakiya akabaki nyuma yake na mkoba. Mlango ukafungwa.

Mara ya tatu Sabah alitoka ukumbini akawaomba. Aliwaambia kwa upole, ule upole wa mtu ambaye meno yake yamegusana, kwamba watakapoona mlango umefunguka wasiseme neno, wasitazamane, waingie tu. Yazid akafungua.

Bi Hajar alimtazama Bi Zakiya. "Tangulia, wifi."

"Wewe hapo ndiye wa kulia."

"Wallahi huingii nyuma yangu."

"Umeapa? Mbona unaniapia kwa jambo dogo namna hii?"

"Sasa nimeshaapa, utanitia dhambini?"

Sabah akapita katikati yao, akaingia sebuleni, akaung'oa mkono wa Yazid kwenye kitasa, akamsukumia nje, akafunga mlango na kupiga ufunguo.

"Treni imeondoka!" alipiga kelele. "Mmebaki Kyoto! Kaeni hapohapo muapiane!"

Akakaa kwenye kiti cha dirishani. Nje ya dirisha magari ya Ijumaa yalikuwa yakipita barabara kuu. Kiyoyozi kilinguruma. Kwa muda mfupi kulikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kiasi kwamba alijionea haya.

"Sabah," Yazid alisema kwa nje. "Fungua bwana, khalas, umeshinda."

"Sifungui."

"Sabah, mwanangu," akasema Bi Hajar, "shetani huyo. Mtemee mate."

"Shetani hayumo, shangazi! Nimo mie tu!" Alikuwa amesimama sasa, uso umeelekea mbao za mlango. "Nilitaka kwenda peke yangu. Mmesikia? Peke yangu! Sikutaka gari la watu saba, sikutaka sufuria, sikutaka papa! Nyote mmejialika. Na wewe mama..." Akaupiga mlango kofi. "Na wewe mama, nilikwambia twende kwa adabu tu. Mtu akikaribishwa hukataa. Wewe ndiye uliyenifundisha! Tangu mdogo unanifinya chini ya meza ili nikatae. Siku hii moja kwa nini usikatae?"

Bi Hajar alisikika akivuta pumzi. Sabah alijua amevuka mpaka, na alijua pia kwamba kila neno alilolisema lilikuwa kweli, na mambo hayo mawili hayakupatana hata kidogo.

Kisha sauti ya Bi Zakiya ikaja, karibu sana na mlango. Haikuwa sauti ya mtu aliyeumia. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoshwa.

"Umemaliza? Basi nisikilize na mie, maana leo umenchosha na viti vyako. Nlikuwa na miaka kumi, tuko Tabora. Nyumba yetu na stesheni, pua na mdomo. Kila siku naitazama treni inakuja, naitazama inakwenda. Siku moja ami yangu akaja, anasafiri kwenda Mwanza, anataka kuchukua mtoto mmoja akaone ziwa. Akaniita mie. Mie, kwa jina langu. Zakiya, twende? Nikasema, aende Hind, binamu yangu. Nlisema kwa adabu. Nlikuwa nangoja aniambie tena."

"Mama..."

"Ngoja! Hakunambia tena. Yule bwana alikuwa na haraka zake, akalichukua neno langu la kwanza. Akamshika Hind mkono wakenda zao, nami nimesimama na gauni langu la Idi. Nlikuwa nshalivaa, Sabah. Mwaka mzima Hind ananisimulia ziwa, na mie nasema mashallah, mashallah. Tukaja Oman. Oman hakuna treni. Nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Hakuna mtu aliyenambia tena twende kwenye treni, mpaka wewe, na finjani yako ya kahawa."

Sabah aliweka paji la uso kwenye mlango.

"Nlijua kama unasema kwa adabu," Bi Zakiya aliendelea. "Mie nimekuzaa, nakujua. Nlijua nikikataa hutanambia mara ya pili. Basi nikakubali ya kwanza. Ukipenda useme mama yako hana haya, sema."

Ilikuwa kweli. Asingemwambia mara ya pili. Angesema inshallah siku nyingine, angeinuka kuosha vikombe, na moyo wake ungekuwa mwepesi. Na hilo lilimkasirisha upya, kwa sababu alikuwa na haki yake, alikuwa nayo tangu asubuhi, na sasa haki ilikuwa imetawanyika huku na huku hata hajui ipi ya nani.

Akazungusha ufunguo. Mlango ukafunguka.

Bi Hajar, kwa mazoea ya umri mzima, alinyoosha mkono kumwonyesha wifi yake njia, midomo tayari imeshafunguka kusema tangulia. Hakuwahi. Bi Zakiya alimpita kama hamwoni, akampita na Yazid, akavuka kizingiti na viatu vyake vya kutokea, akalikanyaga zulia aliloliagiza kutoka Shiraz na ambalo hajawahi kumruhusu mtu yeyote alikanyage na kiatu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha dirishani. Akakaa. Akaweka mkoba juu ya magoti.

"La ilaha illallah," alinong'ona Bi Hajar. Halafu, baada ya kufikiri kidogo, akasema kwa sauti ambayo haikuficha faraja yake: "Basi kama wifi ana mwenzake, mie nabaki. Kusema haki, samaki mbichi simuwezi. Nlikuwa nakuja kwa ajili ya wifi tu."

"Na mimi?" aliuliza Yazid.

"Wewe una gari lako," Sabah alimjibu.

Alisimama katikati ya sebule, akikitazama kiti alichokuwa amejiwekea. Ile asubuhi ya Kanazawa, asubuhi ya kutosema na mtu, haikuwapo tena. Alijua atasimama kila stesheni kungoja magoti, atatafuta choo, ataulizwa hiki nini na kile nini mpaka Nagasaki. Alijua pia kwamba atalia kwa jambo hilo akiwa peke yake, na kwamba hatamwambia mtu. Akakaa kiti cha ujiani, mikono ameikunja kifuani, bado amenuna.

Bi Zakiya hakumgeukia. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu igusane nacho, kana kwamba barabara kuu imeanza kusogea.

"Yazid," alisema, "funga mlango. Tunachelewa."