Mtu wa Pili Kwenye Baiskeli

Winifred Thackray alikuwa amejiapiza kwamba upande wa nyuma wa barua yake hatausoma mbele ya mtu, sembuse mbele ya Bi Hesketh. Yeye ni mfumaji wa kiwandani Bradford, Uingereza. Bi Hesketh ana nyumba Harrogate yenye chumba kizima cha kunywea chai tu. Kilichowakutanisha ni ndege moja ya mabomu iliyoondoka Novemba kwenda kuipiga Berlin, na vijana saba ndani yake, isirudi. Msalaba Mwekundu ulishathibitisha kwamba wote saba wamezikwa huko huko Ujerumani. Jeshi nalo, kwa wema wake, liliwapa wazazi anwani za wenzao, ili wafarijiane bila kulisumbua.

Basi wakakutana kwa Bi Hesketh akina mama watatu, wageni wamebeba sukari yao kwenye karatasi, maana mgao wa vita ni mgao hata kwa wafiwa. Wa tatu alikuwa Bi Pugh kutoka Wales, mama wa Emrys, mshika bunduki wa mkiani mwa ndege. Bi Hesketh akapendekeza kila mmoja asome barua aliyoandikiwa na mkuu wa kikosi. Akaanza mwenyewe, kwa sauti ya kanisani: Aubrey, rubani, alikuwa mchangamfu, hodari kazini, kipenzi cha wenzake, na pengo lake halitazibika.

Bi Pugh akasoma yake. Emrys naye alikuwa mchangamfu, hodari kazini, kipenzi cha wenzake. Alipofika kwenye pengo akasita, akamtazama mwenyeji wake.

"Malizia tu," akasema Bi Hesketh. "Halitazibika."

Hakuna aliyegusa chai. Miezi mitano wamelala na karatasi hizo chini ya mto, kumbe wameshonewa sare. Winifred aliona aibu kwa niaba ya jeshi, kwa kuwa lenyewe halikuwa nayo. Akausoma upande wa mbele mbio mbio, uchangamfu, uhodari na pengo la mwanawe Clifford, akaikunja barua.

"Kuna maandishi nyuma," akasema Bi Hesketh.

"Hayo si ya kusomwa, bibi. Yanamwaibisha marehemu."

"Soma, mwenzangu," akasema Bi Pugh. "Sisi za kwetu zimeshakwisha."

Akasoma, masikio yakimuwaka moto. Mkuu wa kikosi aliandika kwa mkono wake kwamba anasikitika kulitaja jambo hili, lakini siku mbili kabla ya safari Clifford aliichukua baiskeli ya mkuu huyo bila ruhusa, akaitumbukiza kwenye bwawa la bata mbele ya kasisi, huku akiimba. Tena alikuwa amempakia mtu mwingine, aliyetoroka kabla ya kutambuliwa.

Winifred akangoja kuonyeshwa mlango.

"Huyo aliyepakiwa," akasema Bi Hesketh taratibu, "alikuwa Aubrey."

"Emrys," akasema Bi Pugh. "Mfupi, mwepesi. Nani mwingine?"

"Aubrey alikuwa mwembamba sana."

"Alikuwa rubani, dada. Rubani hapakiwi."

Wakabishana hadi chai ikapoa, kisha wakamgeukia Winifred awaamulie.

Winifred alimjua mtu huyo. Clifford alimtaja katika barua yake ya mwisho: fundi wa injini aitwaye Ackroyd, ambaye hakuwahi kuruka na ndege hata siku moja, na hadi leo yu hai, anakula na kushiba. Akawatazama wale wanawake wawili. Aliwahurumia mno, hata ukweli ukamshinda kuutamka.

"Kulikuwa na ukungu, mkuu wa kikosi hakuona vizuri," akasema. "Walikuwa watatu. Emrys nyuma, na Aubrey amekaa juu ya usukani."

Bi Pugh akafumba macho, akatabasamu. Bi Hesketh aliweka kikombe chini.

"Juu ya usukani," akasema kwa fahari, machozi yakimtoka. "Basi ndiye aliyetangulia kuingia majini."