Mashine Isiyo na Ugonjwa

Kila asubuhi Mama Tarizi alipowasha kompyuta ya karakana, kabla hajafungua hata mchoro mmoja, kisanduku kilimrukia katikati ya kioo. Mfumo endeshi huu umezeeka, kilisema, hautapata ulinzi tena, tafadhali weka mpya. Alikifunga kama mtu anayefukuza nzi mezani, na hakukifunga kimyakimya. Aliwauliza waliokiandika ni nani aliyewaita, na kama kwao hawana kazi ya kufanya.

Kompyuta ile ilikuwa na kazi kubwa moja, kugeuza michoro kuwa mishono na kuipeleka kwenye mashine ya kutarizi, jitu la chuma lenye safu ya sindano lililomeza nusu ya chumba. Yeye na mumewe waliinunua kutoka kiwanda cha nguo kilichofungwa, na programu yake ikaja nayo. Waliotengeneza programu walishafunga duka zamani wakaenda zao, kwa hiyo toleo jipya halikuwapo wala halikutarajiwa. Lakini nembo za shule, majina ya wauguzi kwenye makoti, maua ya pindo za mashuka, vyote vilitoka safi, hakuna uzi uliochomoza. Kitu kinafanya kazi hivi, halafu mtu asiyekijua anakutumia salamu kila siku kwamba kimekwisha? Damu ilimchemka.

Mwenzake kazini alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshughulika na wateja, simu na barua pepe. Kutwa nzima ilikuwa wifi hiki, wifi kile, hata mteja mmoja aliyeomba wifi ya kutumia kwenye simu yake akaambiwa achague, wako wawili. Walipatana vizuri, isipokuwa kwenye suala la kompyuta. Hapo kila mmoja alivuta kwake.

Na wifi naye alikuwa na lake moyoni. Kirusi kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta ile kuukuu, kikawa kinachomeka picha zake katika barua za karakana. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mama mwenye msimamo mkali, alifungua barua mbele ya kamati ya wazazi ili awaonyeshe nembo mpya. Walichokiona ni watu wawili wasio na hata uzi mwilini. Simu ya kufoka iliyofuata aliipokea wifi, akasimama nayo sikioni huku jasho likimtoka, akiomba radhi kwa dhambi asiyoifanya. Mama Tarizi siku hiyo alikuwa anabadilisha sindano, akacheka mpaka akashika ubavu.

Fundi wao wa kompyuta waliyemwita Daktari, kwa vile alivyotega sikio kwenye kila kompyuta kabla ya kuifungua, alikisafisha kirusi. Alipoulizwa kuhusu kuweka mfumo mpya hakupindisha maneno. Utafunga mlango kwa wezi, alisema, lakini hawezi kuapa kwamba utaelewana na mashine ya kutarizi. Mama Tarizi akasema basi, mjadala umekwisha. Wifi akasema haujakwisha, umekatwa. Wakaenda hivyo, mmoja kakunja uso na mwingine kajitia hamnazo.

Kisha mama mzazi wa Mama Tarizi akafanyiwa upasuaji wa jicho, naye akaenda kumuuguza. Alimwachia wifi funguo na oda ya makoti ya chuo cha wauguzi.

Aliporudi alikuta kioo cha kompyuta kimepakwa picha ya milima yenye theluji. Vitufe vyote vilikuwa vimehama. Alijaribu kufungua mchoro wa nembo ya chuo, nao ukakataa kufunguka. Akawasha mashine ya kutarizi. Ikawaka taa zake, ikatulia hapo, sindano zote zimening'inia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, makoti meupe mkononi.

Habari ikamtoka wifi kipande kwa kipande. Hakumwita Daktari kwa sababu Daktari angetaka kwanza kumsikia mwenye karakana. Alimwita muuza kompyuta wa barabara ya pili, ambaye alimwambia ni jambo la kufumba na kufumbua. Alifumba, akafumbua, programu haipo.

 Mama Tarizi alichomoa nyaya, akaikumbatia kompyuta kifuani kama mgonjwa, akatembea nayo mpaka barabara ya pili. Watu walimpisha njia.

Muuza kompyuta alimpokea kwa tabasamu na kiti. Alimweleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mtoto, kwamba dunia inakwenda mbele, na kwamba dawa yake ni mashine mpya ya kutarizi, na yeye anamjua anayeuza.

"Mashine yangu ina ugonjwa gani?" aliuliza Mama Tarizi.

"Haina ugonjwa, mama. Ni ya zamani tu."

"Mimi pia ni wa zamani. Jana nimemsafisha mama yangu jicho, naye ni wa zamani kuliko mimi. Mnataka nimzike mzima?"

Mteja mwingine aliyekuwa akichagua chaja aliirudisha rafuni, akabaki anasikiliza.  Muuza kompyuta akaulizwa kama alihifadhi programu kabla ya kuifuta. Akasema michoro aliihifadhi. Akaulizwa tena, programu. Akakiri kwamba hiyo hakuihifadhi.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, kompyuta ingali kifuani. Daktari alitega sikio kama kawaida yake, akamsikiliza na yeye pia. Bahati ilikuwa kwamba alipokisafisha kirusi alinakili diski nzima, kwa tahadhari tu. Angeweza kuurudisha mfumo wa zamani na programu yake. Lakini alitoa sharti: kompyuta hiyo isiguse mtandao tena. Barua zipite kwenye nyingine, michoro ihamishwe kwa flashi.

"Na diski hii itakufa siku moja," alisema. "Hilo sikufichi."

"Ikikaribia kufa, niambie mimi," akasema Mama Tarizi. "Mimi, si mwingine."

Jioni ile wifi alimsubiri karakana. Aliomba msamaha kwa kumzunguka mgongoni, akaomba vizuri, bila visingizio. Kisha akaongeza, sauti imekauka, "Lakini yule mwalimu alinitukana mimi, wifi. Wewe ulicheka."

 Hasira ya Mama Tarizi ilikuwepo bado, ila sasa haikujua ikae upande gani. Alichukua simu, akampigia mwalimu mkuu, akajitambulisha kuwa ndiye mwenye kompyuta na ndiye aliyekataa kuitengeneza. Alipokea maneno yaliyobaki, na hayakuwa machache. Wifi alikaa kwenye kigoda akisikia sauti ile ikitoka simuni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka.

Walinunua kompyuta ndogo kwa ajili ya barua, ikawekwa meza ya wifi. Ile kuukuu ilibaki kando ya mashine, haina waya wa nje, na kisanduku chake kiliendelea kutokea kila asubuhi. Makoti ya wauguzi yalikwisha kwa wakati. Kukiwa hakuna wateja, Mama Tarizi alivuta kiti mezani kwa wifi na kujifunza programu nyingine ya kuchora mishono, akiilaani kitufe kwa kitufe. Hakuipenda. Ila siku ya kuhama ikifika, alitaka ahame kwa miguu yake mwenyewe, asibebwe usingizini na watu wasiomjua hata jina.