Koti ya Mbonigaba

Wakati wa vita kila muntu anapoteza kitu, lakini mama mukwe wangu, Nyiransengimana, akili yake aliiacha kijijini Kirolirwe pamoja na masufuria, siku tulipokimbia. Maziwa yangu ilipokauka, alisimama mbele ya nyumba yangu ya bashi, turubai ya wakimbizi, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kambi nzima: mwanamuke anayenyonyesha akilala na mwanaume mwingine, maziwa inaharibika. Kisha akaenda zake. Kuanzia pale, hata moto wa kuwashia jiko majirani walininyima.

Mwanaume gani? Mimi Emérita nilikuwa na koti.

Ilikuwa ya bwana yangu, Mbonigaba. Kule Kirolirwe alikuwa anapulizia ngombe za tajiri dawa ya kupe. Pompe ya dawa ilikuwa inavuja mugongoni, inalowesha koti mupaka ndani. Vita ilipobeba ngombe zote, akaenda Walikale kuchimba madini, na koti akaniachia kwa sababu ya baridi. Nilikuwa na mimba. Tangu pale nililala nimeivaa bila nguo ingine, na mutoto alipozaliwa tukaingia mule wawili. Telefone yake ilikuwa imeacha kuita zamani. Harufu ya ile koti njo ilibaki ya kuniambia kama niko na bwana.

Lakini mutoto, Adrienne, alikuwa anavuta titi analia, anavuta analia. Shingo yake ilibaki kama ya kifaranga. Mutoto wangu wa kwanza nilimunyonyesha mupaka maziwa ikalowesha kitenge. Huyu niliona atanifia mukononi, na watu watasema ni malipo yangu.

Nikamupeleka kwa poste ya santé, kituo cha afya cha kambi. Infirmière, muuguzi wa pale, dada Kétsia, akainama kupima matiti yangu, kisha akarudisha kichwa nyuma.

— Mama, unanuka dawa gani?

— Si dawa. Ni bwana yangu, nikamujibu, kwa hasira.

Hakucheka. Akashika kola, akanusa, akauliza Mbonigaba alikuwa anafanya kazi gani, na nimevaa ile koti tangu lini.

— Matiti inajitengeneza wakati wa mimba, akasema. Mwili unatuma homoni, njo zinaambia titi lijitayarishe kutoa maziwa. Dawa zingine za namna hii zinapita mu ngozi, zinaweza kuvuruga ile habari. Siwezi kuapa kama dawa njo yenyewe. Pengine ni njaa, ao woga. Lakini koti iondoke leo. Usiifue mutoni, usiichome, usimupe muntu. Uizike mbali na maji. Oga na sabuni, uendelee kumuweka mutoto kwa titi, na hapa tutamuongezea maziwa kwa kikombe.

Nikafunga koti tena mupaka shingoni. Kwetu, mwanaume akipotea mu pori na mwili haukuonekana, familia inazika nguo yake. Njo matanga yake. Muntu hawezi kuzika koti ya bwana yake halafu aseme anamungojea.

Nilizunguka nayo kambi nzima. Adrienne alikuwa analia mugongoni, na sauti yake haikuwa tena na nguvu. Yeye njo aliamua. Jembe hakuna aliyeniazima, nikachimba na sahani.

Nilipokuwa ninafukia, nikaona miguu ya mama mukwe. Aliona mukono wa koti ukitokeza, akakaa chini mu udongo.

— Mbonigaba wangu, alisema. Habari ilifika lini?

— Hakuna habari, Mama. Ni dawa ya ngombe iko mu koti. Dada Kétsia anasema pengine njo iliharibu maziwa.

— Basi haikuwa mwanaume mwingine.

— Ilikuwa mwana wako, Mama.

Akagusa ule mukono wa koti. Kisha akaniuliza:

— Na sauti yake, uliisikia mara ya mwisho lini?

Nikaendelea kusukuma udongo na sahani. Akaingiza mikono mu udongo, tukafukia pamoja, akaanza kumulilia mutoto wake. Sikuwa na nguvu ya kumukataza.

Sasa maziwa inarudi, kidogo kidogo. Ninasikia Adrienne anameza. Majirani wananiletea moto bila kuombwa, kwa sababu mujane anahurumiwa. Nikilala, kifua kinasikia baridi, na ninamutamani Mbonigaba kuliko zamani. Akirudi ataulizia koti yake. Watu wakipita pale nilipoizika wanafanya ishara ya musalaba, na nimechoka kuwaambia ni koti tu.