Alama ya Katikati ya Mzee Sasaki

Léocadie hakuwa mtu wa kupandisha sauti dukani kwa watu. Lakini asubuhi ile mtaani Rosettenville, Johannesburg, Fahad, mchonga vibao vya makaburi aliyetoka Tanga, alipomgeuzia kioo cha kompyuta, damu ilimchemka. Jina la marehemu Mzee Sasaki lilikuwa na herufi tatu za Kijapani, na ile ya katikati imekuwa kiboksi kitupu.

"Hiki ni nini, kaka Fahad?"

"Mashine haina hiyo alama, mama. Tuiandike ya kwanza mara mbili, yaishe. Wajapani wangapi wanapita makaburini kwetu?"

"Hapana. 佐佐木 ni ukoo mwingine. Yeye ni 佐々木."

Mzee Sasaki alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Miaka ishirini alizungukia vyumba vya washonaji wa mtaa wa Yeoville, Warundi na Wakongo, akifungua mashine ambazo wengine walishazikatia tamaa. Macho yalipomwishia, Léocadie, mmoja wa washonaji hao, ndiye aliyemwandikia barua za kwenda kwa dada yake, Osaka. Kijapani hakukijua, mzee alimtajia matamshi, yeye akayaandika kwa herufi hizi hizi zetu, kompyuta ikayageuza. Aliandika *sasaki*, akabonyeza kitufe cha nafasi, jina likatoka zima. Ile ya katikati, 々, mzee alimweleza, haina sauti yake. Inasema tu: rudia iliyonitangulia.

Jumamosi washonaji wangekutana kaburini kuweka kibao. Leo ni Alhamisi.

"Nipishe hapo," alisema.

"Mama, hii ni kompyuta ya kazi."

"Na mimi nimekuja kazini."

Mteja mmoja akacheka. Léocadie akaketi hivyo hivyo. Akaandika *sasaki*, zikabaki herufi sita vile vile, maana kompyuta ya Fahad haikuwekewa Kijapani. Basi akakumbuka njia ya pili. Kila alama ina namba yake, mzee alimwambia, na namba hiyo ni moja, uwe Osaka au Johannesburg. Akafungua programu ya kuandikia barua, akaandika 3005, namba aliyokaririshwa na mzee, akashikilia kitufe cha Alt, akagonga X.

Namba ikatoweka. Pale pale ikasimama 々.

Aliyecheka akasogea kuangalia. Fahad aliinakili alama, akaipeleka kwenye programu ya kuchongea. Kiboksi kikarudi.

"Eish! Si nilikwambia?"

"Alama imo. Fonti yako, huo mwandiko wa mashine, ndiyo haina umbo lake. Pakua ya Kijapani."

"Mtandao leo unasuasua, mama. Nenda nyumbani, nitakupigia."

"Ningekuwa mzungu ungeniambia niende nyumbani?"

Akavuta stuli, akaiweka katikati ya mlango, akakaa. Wateja wakawa wanapita kwa ubavu. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Fahad alikohoa, akajipangia karatasi, mwisho akaja kusimama mbele yake.

"Huyu mzee alikuwa nani kwako?"

"Baba yako alipofariki Tanga, mlimwandika nusu jina?"

Fahad alirudi kitini, akaanza kupakua, mtandao ukikatika naye akianza upya. Fonti ilipofika, kiboksi kikafutika, herufi tatu zikakaa. Kisha mwenyewe akasema, kwa sauti ya chini, "Ngoja niigeuze iwe mchoro kwanza, mashine isije ikaisoma vibaya." Sindano ya mashine ikashuka kwenye shaba, na Léocadie akasimama kuiangalia mpaka mkia wa mwisho wa 々.

Jumamosi washonaji walikuja na nguo zao nzuri. Léocadie alimpigia dada wa mzee kwa video, akaelekeza simu kwenye kibao. Bibi yule alisogeza uso karibu, akasoma polepole, "Sa-sa-ki," akafunika mdomo kwa mkono.

Mfanyakazi wa makaburi alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake. Kibao kilikuwa kimeinama kidogo upande wa kushoto.

"Iko sharp, mama, iko sawa," alisema. "Nani ataona?"

"Fungua skrubu," Léocadie akamwambia. "Kinyooshe."