Upepo wa Chumba cha Mzazi

Siku Qiaolan aliporudi kutoka hospitali na mtoto wake wa kike, mama mkwe wake, Suzhen, alikuwa ameshaziba madirisha yote ya chumba kwa utepe wa gundi. Alimvika kofia ya sufu, akampa supu ya kongoro na karanga, akamkumbusha mambo anayoyajua kila mtu pale mjini Yibin, Uchina: mzazi aliye ndani ya mwezi wa kwanza tangu ajifungue haoshi nywele, hagusi maji baridi, halii, na hapigwi na upepo, maana upepo wa mwezi ule ukiingia mifupani hautoki tena.

Upepo ulianza wiki iliyofuata, humo humo chumbani. Ulimvumia Qiaolan peke yake, ukampeperusha kofia, ukaipoza supu. Suzhen alitafuta ufa, hakuuona, akaongeza utepe. Wenbo, mumewe Qiaolan, alirudi kutoka kazini, akafunga pazia kwa kamba, akala, akalala.

Qiaolan alikuwa na jambo moja tu la kusema: kwamba anaogopa kuachwa peke yake na mtoto. Alishalianza mara kadhaa, na kila mara aliambiwa anywe supu kabla haijapoa.

Ndipo akaja Mwalimu Ouyang, mtafiti wa chuo kikuu aliyewazungukia wazazi wapya kuwauliza hali za mioyo yao. Alikuwa binti mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Kwenye nyumba ya watu humkatizi mkubwa, na Suzhen alishavuta kiti akaketi katikati yao.

"Siku hizi unalia bila sababu?" Ouyang alimuuliza Qiaolan, huku amezikalia karatasi zake zisiruke.

"Alie nini?" Suzhen akajibu. "Kuku wangu wote anawala yeye!"

"Na usingizi?"

"Analala kama gogo, mwalimu. Laiti ningezaliwa zama zake!"

"Kuna kitu unachokiogopa, dada Qiaolan?"

Qiaolan akafungua kinywa. "Naogopa ku..."

Upepo ukamtoka mdomoni, ukaangusha vikombe vya chai na picha ya marehemu babu ukutani.

"Ehee! Kumbe ufa wenyewe ndio huu!" Suzhen alisema, akifurahi kama mtu aliyepata funguo zake. "Funga mdomo, mwanangu. Nisamehe, sikukuangalia vizuri." Akamzungushia skafu mdomoni, taratibu, kwa upendo. Upendo ule ulikuwa wa kweli, na ndiyo maana unauma kuusimulia.

Upepo ukatulia. Ouyang akashukuru kwa chai, akamhesabu Qiaolan miongoni mwa wazima. Kwenye ngazi alisimama kitambo akifikiria kurudi, kisha akashuka, kwa kuwa nyumba nyingine ilikuwa ikimngoja.

Mwezi ulipotimia, wageni walikuja kula mayai mekundu ya kusherehekea mtoto kutimiza mwezi. Qiaolan bado alikuwa na skafu yake, na ilishazoeleka. Walimsifu: mtulivu, hana makelele, mzazi wa mfano. Shangazi yake Wenbo aliona skafu ikituna, akaibonyeza kwa kidole, akacheka.

"Una mapafu wewe!"

Kesho yake Wenbo alikwenda kazini. Suzhen, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na kijijini kwake mboga zilimngoja, alimwekea Qiaolan mtoto mikononi, akaikaza skafu fundo, akachukua begi lake, akaufunga mlango polepole. Ndani wakabaki wawili.