Mgonjwa wa Valérie

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa chuo kikuu kimoja huko Keshero. Mdogo wangu Valérie, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, alilinakili lote kwenye daftari, akaja kunisomea nikiwa nachambua maharage. Walitafuta wanafunzi wa kazi ya ambulansi, miaka mitatu ya masomo. Walitaka diplome d'État ya kumaliza sekondari, bulletin za alama za miaka miwili ya mwisho, attestation ya kuzaliwa, cheti cha daktari na picha nne. Diplome iwe na asilimia hamsini na tano kwenda juu.

Valérie alikuwa na hamsini na mbili.

"Soma na pale chini," nikamwambia, maana niliona bado kuna mistari.

Chini waliandika kwamba mwenye hamsini mpaka hamsini na nne atapokelewa akipata kumi na sita juu ya ishirini katika jaribio la kubeba mgonjwa. Kila mmoja aje na mgonjwa wake, mtu mzima wa familia, asiyepungua kilo hamsini.

"Yaya, hii wiki kunywa bouillie ya mahindi sana," Valérie akasema. "Wasikurudishe."

"Niko na kilo cinquante-trois, tatu juu ya zao."

"Pamoja na vikwembe ulivyovaa?"

Tulicheka wote wawili. Mimi niliishia darasa la sita la msingi. Mama alifariki mwaka ule volkano ilipotufukuza Buhene, na tangu hapo ni mimi niliyemlea huyu. Waasi walipofunga barabara ya Rutshuru na kambi zikajaa, Valérie alikuwa anajitolea kule Mugunga kupokea majeruhi. Kazi hii aliitaka kweli, na mlango wake ulikuwa hizo alama kumi na sita tu.

Siku ya jaribio tulipanga mstari kwenye uwanja wa chuo, uwanja wa mawe ya volkano yanayokata viatu. Msimamizi aliitwa Papa Donat, muzee mwembamba mwenye saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni. Mgonjwa alipaswa kutolewa mlangoni mwa darasa mpaka kwenye ambulansi iliyosimama getini, kwa dakika sita. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Hitimana, ndiye aliyeshika machela upande mmoja kwa kila mshindani.

Zamu yetu ikafika. Nililala, Valérie akanifunga mikanda vizuri, bila haraka. Alishika upande wa kichwa changu, Hitimana upande wa miguu. Wakaninyanyua. Nikaona mawingu, nikaona kidevu cha Valérie juu yangu. Kisha machela ikaanza kwenda, na mimi nikaelewa kwamba miguu yangu ndiyo inayotangulia.

"Mugeuze," nikasema.

"Mugonjwa asiongoze kazi," Papa Donat akasema.

"Munigeuze!"

Mkono wangu ulifungua mkanda kabla sijawaza. Nikaketi. Machela ikayumba, Hitimana akapiga goti, wakanishusha chini. Kwenye mstari watu wakapasuka kwa kicheko.

"Maiti imefufuka!" mmoja akapiga kelele. "Valérie, ita pasteur!"

Valérie alikuwa amekunja uso. "Yaya, unafanya nini? Unanikatia maisha."

"Saa inatembea," Papa Donat akasema. "Mugonjwa wako amekataa kubebwa. Ni kazi yako hiyo."

Nilitaka kulala tena, mwili ukakataa. Kwa watu wa kilima chetu, mgonjwa hubebwa na watu wanne kwenye ingobyi, ile machela ya kusuka, na kichwa chake hutangulia. Anayetanguliza miguu ni mfu. Valérie alizaliwa mjini, hakujua hilo, na kwenye kambi majeruhi walifika wakiwa tayari wamebebwa.

Alichuchumaa kwenye mawe, uso wake karibu na wangu. Nilidhani atanisukuma. Akauliza polepole, "Ni nini, yaya?"

"Mama walimugeuza."

"Wapi?"

"Njia ya Sake, tukikimbia volkano, tukipita Mugunga. Weye ulikuwa umetangulia na bajirani. Kichwa chake kilikuwa mbele. Wale wanaume waliomubeba wakasimama, wakamugeuza, wakaendelea. Hakuna mutu aliniambia kitu. Ni vile nilijua."

Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia. Alijua tu kwamba mama alifia njiani. Nikasikia ile saa.

"Alikata roho saa ngapi?" Valérie akauliza.

"Nani anajua? Wabebaji walikuwa wanaangalia njia. Mimi nyuma na masufuria, niliona nyayo zake tu."

"Sikia basi," Valérie akasema. "Mimi nakaa kwenye kichwa ju ya kusikia pumzi yako. Kichwa kikitangulia, mimi nitakupa mugongo, sitakuona. Miguu ikitangulia, nakuangalia mpaka getini. Sikulazimishi. Ukitaka kugeuzwa nitakugeuza, na alama ziende."

Nilimtazama. Hakuwa ananidanganya, angenigeuza kweli. Na nikawaza, laiti mama angekuwa na mtu mmoja tu wa kumwangalia usoni.

"Basi niangalie," nikasema, nikalala.

Akafunga ule mkanda upya. Wakanibeba. Njia yote aliniuliza mambo: naumwa wapi, naona vizuri, maharage niliyaacha na nani. Nilimjibu. Macho yake hayakutoka kwangu. Mawe yote alimwachia Hitimana, aliyekuwa akiyataja moja moja. Wakaniingiza ndani ya ambulansi.

"Dakika saba na nusu," Papa Donat akasema. "Kwa kuchelewa nakata tatu."

"Na mkanda uliofunguka?" mmoja kwenye mstari akauliza.

"Huo ulifunguliwa na mugonjwa. Aliufunga tena." Akaandika. "Kumi na saba. Anayefuata!"

"Ah, Papa Donat! Wagonjwa wetu walitulia, na huyu aliyekataa anapewa dix-sept?"

"Wenu walitulia wenyewe. Huyu alitulizwa."

Mimi ndiye niliyepiga kigelegele. Valérie hakupiga. Aliketi pembeni yangu kwenye ambulansi, akanifungua mikanda mmoja baada ya mwingine, akanishika mkono.

"Tukifika nyumbani," akasema, "uniambie yote. Toka Buhene."

"Ni habari ndefu."

"Haina shida, yaya."