Bingwa wa Hukumu za Zamani

Mwaka ule wa 1956, katika Hali ya Hatari, mtu wa Meru alihitaji kibali kwa kila kitu isipokuwa kupiga chafya. Kibali cha kwenda Embu, kibali cha kulala kwa shemeji, kibali cha watu kukaa pamoja wakizidi watano. Kwa hiyo chama cha mdahalo cha chuo kimoja cha ualimu, karibu na Kinoru, kilipotaka kukutana Ijumaa, kilipeleka kwanza orodha ya hoja kwa bwana shauri, yule afisa mzungu wa wilaya.

Bwana shauri alikata “Maji ni bora kuliko moto”, maana moto ungewapa watu mawazo. Akakata “Maisha ya shamba ni bora kuliko ya mjini”, maana neno shamba lilimtia kiungulia. Akabakiza moja tu, aliyoiona imepoa kama uji wa jana: “Mahakama Kuu isitengue kamwe hukumu zake za zamani.” Damu ya nani ingechemka kwa jambo kama hilo? Akapiga muhuri, akaahidi kuja mwenyewe kuwa mwamuzi.

Pande ziligawanywa kwa kura. Thuranira, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Kibirichia, alitia mkono ndani ya kofia ya mkuu wa chuo akatoka na punje ya njahi, maharagwe meusi: atazitetea hukumu za zamani. Rafiki yake Njue, wa Siakago, akapata punje ya mahindi: atazipinga.

“Wewe kweli utatetea hiyo kitu?” Njue alimwuliza. “Na vile mama yako alinyang'anywa shamba?”

Swali lilikuwa na haki yake. Miaka miwili nyuma, watu walipohamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, hedimani Mutegi, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, aling'oa mawe ya mpaka wa mjane Makandi, mama yake Thuranira, akapanda viazi vyake hadi mlangoni pa nyumba iliyoachwa. Makandi akashtaki. Siku ya kesi, Mutegi mshtakiwa akainuka, akaenda kuketi kati ya wazee watatu walioamua. Wakaamua, msishangae, kwamba Mutegi ana haki. Sasa Makandi alikuwa amekata rufaa, na rufaa ingesikilizwa na bwana shauri mwezi uliofuata.

“Ndio maana nitaitetea,” Thuranira alijibu. “Huyo mzungu ndiye ataamua mambo ya mama. Ijumaa nikimfurahisha, hiyo siku atanikumbuka.”

Kijana alikuwa na akili nyingi. Tatizo lake ni kwamba zote zilitoka vitabuni.

Ijumaa alisimama akatema Kiingereza kilichopigwa pasi. Hukumu, alisema, ni jiwe la mpaka. Likisogezwa mara moja, hata kwa haki, kila jirani ataamka na jembe asogeze lake. Afadhali mmoja adhulumiwe na sheria itulie, kuliko wote wapate haki na sheria iyumbe. Alipofika pa “afadhali mmoja adhulumiwe” aliona haya kidogo, lakini makofi yalikuwa yameshaanza, na makofi ni matamu. Njue alijibu kwamba hakimu naye ni mtu na mtu hukosea. Akapata kura nane tu, zilizobaki zote zikaenda kwa Thuranira. Bwana shauri alitoa daftari dogo mfukoni, akaandika maneno ya mshindi, akamwuliza na jina. Thuranira alimtajia herufi moja moja asije akalisahau.

Hakulisahau. Siku ya rufaa alimwona tu akapaza sauti. “Ah, bingwa! Leo wewe nafanya kazi ya mkalimani.”

Mkalimani wa siku zote alikuwa mpwa wa Mutegi. Makandi alikaribia kupiga vigelegele palepale. “Mungu ametuona,” alimnong'oneza mwanawe kwa Kimeru, na Thuranira akaona mpango wake umeiva.

Makandi alieleza habari za mawe, kisha habari za kiti cha Mutegi. Thuranira alitafsiri yote, na pale pa kiti akaongeza chumvi. Bwana shauri alisikitika, tena kwa dhati. Alikiri kwamba hukumu ile ilikuwa mbovu. Kisha akatoa daftari dogo mfukoni akaanza kusoma.

Thuranira aliyatambua maneno yake mwenyewe. Alitamani ardhi immeze. Lakini mama alikuwa akimtazama mdomoni, akingoja, ikabidi atafsiri: jiwe, jembe, na yule mmoja ambaye afadhali adhulumiwe, na kwamba kwa hiyo hukumu itabaki ilivyo. Kwa Kimeru maneno yale hayakuwa na pasi hata kidogo. Mutegi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Nani amesema hivyo?” Makandi aliuliza. “Huyo mtu hana mama?”

Thuranira akatafsiri na hilo. Bwana shauri akacheka kwa wema, akamwelekezea penseli. “Ambia yeye. Hapana ona haya, bingwa.”

“Ni mimi, mama.”

Karo yake ya shule, mpaka Mutegi alipoingia na jembe lake, ilikuwa ikitoka katika shamba hilohilo. Makandi aliinama akaokota kiondo chake.

“Basi kweli umesoma,” alisema. “Hata mimi nusura nikubaliane na wewe.”

Bwana shauri alitaka kujua mama amesema nini. Thuranira akamwambia kwamba mama anashukuru, na bwana shauri akaliandika na hilo katika daftari.